Mama Studio Anajibu: Twende na Nini Kwenye Warsha ya Picha?

Barua nne za safari hii zinahusu jambo moja: warsha ya siku tatu ya upigaji picha itakayofanyika hapa Mtwara mjini mwishoni mwa Oktoba. Siku mbili ni za darasani na mitaani, ya tatu ni ya Mikindani, mji mkongwe wa pwani ulio jirani. Waandaaji wamewatumia washiriki orodha ya vifaa na ujuzi wanaotakiwa kwenda nao, na orodha hiyo imewatia watu homa. Nimeisoma. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

SWALI: Shikamoo Mama Studio. Nina miaka 24, naendesha bodaboda hapa Lindi mjini, na mwisho wa wiki napiga picha za harusi na maulidi. Nimekubaliwa kwenye warsha. Wanataka kamera ya kubadilisha lenzi, lenzi mbili au zaidi, stendi ya miguu mitatu, laptopu yenye programu ya kuhariri picha, na mtu awe “anaweza kupiga kwa M”, yaani kuipangia kamera mwanga kwa mkono. Mimi natumia kamera ya shemeji yangu, ya zamani, yenye lenzi moja ile ya 18–55. Laptopu sina. Kuna mtu Dar es Salaam anauza kamera ya mtumba na lenzi mbili kwa shilingi 1,400,000, na mama anaweza kunikopea kwenye kikoba chake. Nikope? Na hiyo M sijawahi kuigusa, napiga kwa oto tu. — *Kijana wa Mtanda, Lindi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikope.

Nalisema mwanzoni kabisa ili usimpigie mama simu kabla hujamaliza kusoma. Pesa ya kikoba ni jasho la kina mama wenzake, ina riba na ina siku yake ya kurudi. Wewe ni mpiga picha wa harusi na unajua harusi za huku kwetu zinasubiri nini: zinasubiri korosho ziuzwe. Minada ikianza Oktoba, mpaka mkulima ashike pesa na mtu atangaze ndoa, rejesho la kwanza limeshakugongea mlango.

Sababu ya pili inatoka maishani mwangu. Nilipiga picha kwa kamera za mkanda kwa miaka mingi kabla sijagusa dijitali. Nilipopata nafasi ya kwenda warsha yangu ya kwanza ya dijitali, Dar es Salaam, nilifanya hilohilo unalotaka kufanya: nikanunua kamera ya mtumba siku mbili kabla ya safari. Ilikuwa imetoka Japani, na menyu yake yote ilikuwa ya Kijapani, lugha nyingine haimo. Zipo kamera nyingi za namna hiyo kwenye mitumba hadi leo, kwa sababu ziliundwa kwa soko la nyumbani kwao tu. Mwalimu alisema, “Wekeni ISO 400,” yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Wenzangu wakabonyeza, wakaendelea. Mimi nilibaki nazungusha maandishi nisiyoyajua hadi chai ya saa nne. Nilikuwa nimelipia nauli, chumba na ada, na siku ile ya kwanza nikaondoka na kurasa mbili tu za maandishi. Mkono wangu ulikuwa umezoea kamera nyingine, niliyoiacha kabatini Mtwara.

Kwa hiyo kamera ya shemeji ndiyo uende nayo. Lenzi ya 18–55 inatosha kabisa kwa siku tatu. Kwenye 18 inameza kichochoro kizima cha Mikindani, kuta za mawe ya matumbawe pande zote mbili. Kwenye 55 inakupa uso wa mzee aliyeketi barazani bila wewe kumsogelea mpaka akakasirika. Udhaifu wake ni gizani. Ukiivuta hadi 55, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Siku Mungu akikujalia, lenzi ya pili ya kununua ni ndogo ya 50 yenye f/1.8, ambayo huingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo yako kwenye urefu huo. Kwa ukumbi wa harusi wenye taa za rangi rangi, hiyo ndiyo dawa. Lakini si kwa mkopo, na si mwezi huu.

Stendi na laptopu, waandikie waandaaji leo uwaulize kama mtu anaweza kushirikiana na mwenzake. Nimehudhuria warsha nyingi, na sijaona hata moja ambayo mtu alirudishwa mlangoni kwa kukosa laptopu, ila nimeona waliokaa kimya halafu wakaaibika siku ya kuchambua picha. Nenda na kadi rida yako mfukoni, ili kompyuta ya mwenzako ikufae bila kumsumbua kutafuta waya. Badala ya stendi, mwambie mama akushonee mfuko wa kitambaa kizito, ujaze maharage kilo 2, ufunge. Ukiulaza juu ya ukuta au kiti na kamera juu yake, kisha ukaweka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, unaweza kupiga ndani ya chumba chenye giza bila picha kutetemeka. Mimi ninao hadi leo, na maharage nabadilisha yakitoboka.

Kama una akiba ya kutumia, nunua betri ya pili na kadi mbili halisi za GB 32. Mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikifa hujapoteza siku nzima. Hata ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi na kubwa la picha, na waandaaji wanataka RAW, kadi moja ya hivyo inabeba zaidi ya picha elfu moja kwenye kamera kama ya shemeji. Ongeza pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi na kitambaa laini cha lenzi. Basi. Nauli ya basi hadi Mtwara unaijua mwenyewe.

Sasa M, maana huo ndio mzigo hasa wa orodha ile, na watu wanauruka kwa sababu hauuzwi dukani.

Ukigeuza gurudumu kwenye M, kamera inakuachia mambo matatu. Tundu la lenzi, lile la f: namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, mwanga mwingi unaingia, na nyuma ya mtu panalainika. Spidi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inafumbua jicho: 1/500 inamgandisha mtoto anayeruka, 1/30 inamfanya ukungu. Na ISO: ukiipandisha, kamera inaona gizani lakini picha inaota chengachenga. Kwenye kamera nyingi mibofyo mitatu ya gurudumu ni hatua nzima moja, yaani mwanga umezidi mara mbili au umepungua nusu. Shika hesabu hiyo ya mibofyo kuliko namba zenyewe.

Zoezi lenyewe ni hili. Mketishe mdogo wako kivulini chini ya mwembe mchana. Weka ISO 100, f/4, 1/125. Kama lenzi yako imekataa f/4 kwa sababu umeivuta, irudishe kwenye 18. Piga. Hapo utakuwa karibu na mwanga sahihi, na kama kivuli ni kizito panda ISO hadi 200. Sasa bofya shata mara tatu iende kasi zaidi, yaani 1/250, halafu mpe mwanga huo tena kwa kupandisha ISO hatua nzima moja, yaani iwe mara mbili. Piga. Picha mbili hizo zitakuwa na mwangaza uleule. Tafuta kilichobadilika. Kisha toka juani kabisa, mahali pasipo kivuli, uweke ISO 100, f/8, 1/500. Ukitoka juani kuingia kivulini umepoteza hatua kama nne, mibofyo kumi na miwili, na mpiga picha wa harusi anayefuata bwana harusi kutoka uani hadi sebuleni anapaswa kuizungusha mibofyo hiyo akiwa anatembea, bila kutazama chini.

Fanya hivyo dakika 20 kila jioni hadi siku ya safari. Umeme ukikatika, vizuri zaidi: kaa gizani na kamera mapajani, ujiambie “f/8”, ufike kwa kidole, kisha washa tochi uhakikishe. Ukivuka kwenda Kitunda, piga watu wanaoshuka kwenye kivuko kwa 1/60, kisha kwa 1/250, ujionee miguu yao. Lakini waombe kwanza, na wahudumu wa kivuko pia waombe. Mwenye mikono inayojua njia hiyo atakaa darasani asikilize mambo ya maana, ambayo ndiyo aliyolipia.

Jambo moja la jua letu, kwa kuwa mwalimu akitoka mbali huenda hatalijua. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na kuelekea tarehe 20 Oktoba jua la mchana linapita juu kabisa ya utosi. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi, na Boma la Wajerumani pale Mikindani, lililojengwa 1895 na kupakwa nyeupe, linaungua kwenye picha hadi huoni ufa wala dirisha. Mwezi huo jua huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi. Mwanga mzuri ni hapo hadi saa 1 na nusu, kisha tena kuanzia saa 11 jioni. Katikati ya siku hamia barazani, mgeuze mtu atazame nje kwenye mwanga, na nyuma yake pabaki giza la nyumba. Ngozi zetu zinapendeza mno katika mwanga wa baraza. Ukiwaona wenzako wanahangaika juani saa 7 mchana, waite.

Na chumvi. Usifungue lenzi ufukweni hata kama unayo ya pili. Ukirudi chumbani, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kama chumba kina kiyoyozi, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka asubuhi, uiache humo hadi ipate joto la nje. La sivyo kioo kitatoa jasho, nawe utakosa ule mwanga wa saa 12 ukifuta lenzi.

Yule muuzaji wa Dar es Salaam usimtukane, huenda ni mtu mwema. Siku ukiwa na pesa yako mwenyewe, nenda na tochi. Mulika ndani ya lenzi kutoka nyuma: ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu itaendelea kula. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa meusi. Angalia betri haijavimba. Na ingia kwenye menyu ukahakikishe inasema lugha unayoijua.

SWALI: Habari za kazi Mama Studio. Mimi ni mwalimu wa sekondari Newala, nimeomba nafasi kwa ajili ya klabu ya picha ya wanafunzi wangu. Nina simu tu. Ingawa orodha inataja kamera, waandaaji wamesema simu pia zinaruhusiwa. Je, nitajifunza kitu au nitakuwa nawabebea wenzangu mikoba? — *Mwalimu wa Newala*

JIBU: Salama mwalimu, na hongera kwa klabu hiyo. Utajifunza, tena wanafunzi wako watafaidi zaidi, kwa kuwa hata wao watakachokuwa nacho ni simu.

Futa kioo cha simu kila unapoitoa mfukoni. Nusu ya picha za ukungu ninazoletewa studio ni mafuta ya vidole. Washa mistari ya kugawa skrini ili upeo wa macho usilale upande. Usivute kwa vidole viwili, tembea kwa miguu. Ukigusa uso wa mtu kwenye skrini kisha ukatelezesha kidole juu au chini, mwangaza unapanda au kushuka, na ukiidhibiti hiyo tu umeshajua nusu ya kile wenye kamera wanachokiita M. Kama simu ina sehemu ya “pro”, ifungue kabla hujafika, ujue shata iko wapi na ISO iko wapi.

Nenda Shimo la Mungu jioni moja, pale ukingoni mnapotazama bonde la Ruvuma. Piga ukigusa mbingu, kisha piga ukigusa bonde. Utaona simu inavyokulazimisha kuchagua. Nenda na picha hizo mbili warshani, umuulize mwalimu ungefanyaje. Swali la aina hiyo linamfurahisha mwalimu yeyote, wewe mwenyewe unajua.

Beba pawabenki, acha nafasi ya kutosha kwenye simu, na picha za kuchambuliwa zitume WhatsApp kama dokumenti. Ukizituma kama picha za kawaida zinabanwa, na kazi yako itahukumiwa kwa makosa yasiyo yako.

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yangu ni mchonga vinyago, anachonga mpingo hapa Mtwara. Warsha inataka kila mshiriki apeleke picha tano za kazi yake, na mimi nataka zangu ziwe za vinyago vya baba. Kila nikipiga, mpingo unatoka kijivu kama mkaa uliolala mvuani, na mbele una alama nyeupe inayong’aa. Nimebadilisha flashi, hali ni ileile. — *Binti wa mchongaji, Chikongola*

JIBU: Marahaba binti yangu. Barua yako imenifurahisha, kwa sababu umeangalia picha zako kwa jicho kali na kusema ukweli wake. Huo ni ujuzi ambao orodha ile haikuutaja.

Zima flashi uiweke kabatini. Alama ile nyeupe ni flashi yenyewe, inajitazama kwenye mng’aro wa mti kama kwenye kioo. Ama kijivu, kosa si lako wala si la mpingo. Kamera imeundwa kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu cha wastani. Ikiona kinyago cheusi kimejaza picha inafikiri kuna giza, basi inaongeza mwanga mpaka cheusi kiwe kijivu. Tafuta kitufe chenye alama ya + na −, ushushe hadi −1. Ukiona bado, −1⅓. Weusi utarudi. (Hali hiyohiyo inatokea kinyume kwenye mchanga mweupe wa Msimbati: kamera inaona mwangaza mwingi, inakata, na watu wanakuwa vivuli. Pale unapanda +1.)

Sasa mwanga. Subiri asubuhi, fungua dirisha moja tu la chumba, lile lisilopigwa na jua moja kwa moja. Weka kinyago mezani hatua moja au mbili kutoka dirishani, mwanga ukipige ubavuni, si usoni. Hapo ndipo patasi ya baba itaonekana: kila mkato utakuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Upande wa pili, ule wa giza, simamisha shuka jeupe juu ya kiti. Litarudisha mwanga kidogo, na mstari mwembamba wa fedha utapita kwenye ukingo wa mti, utenganishe weusi na weusi. Shuka likiwa karibu mno, sogeza nyuma. Utatumia nusu saa kulisogeza, na itakuwa nusu saa nzuri.

Nyuma weka kitambaa cha kijivu au mkeka wa ukili uliochakaa, mbali kidogo na kinyago. Kanga yenye maua mengi itapigana nacho. Kwa kinyago chenye watu wengi waliopandana, vile vya ujamaa, tumia f/8 ili wa mbele na wa nyuma wote wawe wazi, na kamera uilaze juu ya mfuko wa maharage niliomwambia kijana wa Lindi.

Picha moja kati ya tano isiwe ya kinyago. Iwe ya mikono ya baba na gogo ambalo bado lina ganda lake la nje jeupe, weusi umeanza kutoka katikati. Kwa mtu asiyetoka huku, hiyo ndiyo itamweleza mpingo ni nini.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nataka kupeleka kwenye warsha hadithi ya picha kuhusu unyago, maana binamu yangu yumo ndani na atatoka mwisho wa mwezi. Rafiki yangu ana droni, tunaweza kupiga uani kutoka juu bila kumsumbua mtu. Ni wazo zuri? — *Mwanafunzi, Mtwara*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hapana.

Kilichomo ndani ya unyago ni siri ya waliomo, na binamu yako ni mtoto. Mimi mwenyewe nilitoka unyagoni, nina studio, nina kamera, na sijawahi kuinua lenzi upande ule. Kuwapiga watu kutoka juu wasijue ni kuwapora, hata kama droni haikutoa sauti. Tena droni yenyewe haipai kiholela hapa nchini, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Mtwara ina bandari na uwanja wa ndege. Mwambie rafiki yako aiache nyumbani, na siku za warsha pia.

Hadithi ipo, ila iko nje ya ua. Waendee mama yake binamu na kungwi kabla usiku haujaingia, bila kamera mkononi. Waulize siku ya kutoka unaruhusiwa kupiga nini. Huenda watakuruhusu ngoma, kina mama wanaopika, kanga mpya zinazopigwa pasi, vumbi la miguu ya wachezaji. Wakikukubalia ngoma, anza na 1/250 ili miguu isimame, kisha shuka hadi 1/30 uone kanga zinavyogeuka mawimbi. Wakikataa vyote, shukuru, uje studio Jumamosi asubuhi. Nina majirani wanaobangua korosho barazani ambao hawatakataa kupigwa picha, na nitakuazima ile lenzi ya 50.